Ndoo Arobaini na Tatu

Jumatatu, 12 Januari

...na sababu ya pili ya kutomwambia ukweli jirani wa mlango wa pili, ambayo jana wino uliniishia kabla sijaiandika, ni kwamba niliona haya. Aliniuliza mume wangu anafanya kazi gani, nami nikamjibu kwamba yuko kwenye kampuni ya vyakula. Si uongo. Ila jibu hilo nililitoa nikitazama kamba ya nguo badala ya kumtazama yeye, na hapo likawa uongo.

Mume wangu. Neno hili nimeliandika mara nne kwenye jalada la daftari, kila mara kwa mwandiko mwingine, kama mtoto wa darasa la tatu. Daftari lenyewe nilipewa na shangazi siku ya harusi. Aliniambia niandike siku njema wakati bado ziko nyingi, ili nipate cha kusoma zikianza kuadimika. Shangazi, hazitaadimika. Leo asubuhi mume wangu aliamka mapema akanipigia pasi gauni la kazini, akaliunguza kidogo kwenye pindo, akalificha kabatini nisilione. Nimeliona. Nimelivaa hivyo hivyo.

Basi niandike hapa nilichoogopa kumwambia jirani. Mume wangu ni mzimishaji kwenye machinjio. Ng'ombe akiingia kwenye boksi, mume wangu ndiye mtu wa mwisho anayemwona. Anamwekea bastola ya kuzimishia katikati ya paji la uso, anapiga mara moja, na ng'ombe anaanguka hajui tena kitu, kabla kisu hakijamgusa. Akikosea mahali kwa upana wa vidole viwili tu, mnyama anaumia naye bado anajua. Hakosei. Wenzake wanamwita Usingizi. Mimi pia alinizimisha kwa mara moja, nimewaambia hivyo wanawake wa chumba cha baridi wakacheka mpaka wakashika ndoo.


Jumatano, 14 Januari

Joto. Tumekula tikiti maji kwa kijiko kimoja.


Jumatatu, 19 Januari

Leo nimegundua njia ya kupata saa moja zaidi ya kuwa naye.

Mimi ni karani wa machinjio hayo hayo. Ofisi yangu ina dirisha moja linalotazama zizi la kusubiria, ambako ng'ombe wanapumzika tangu washuke kwenye lori hadi zamu yao ifike. Mara tatu kwa siku, saa mbili asubuhi, saa sita na saa kumi, natakiwa niende kwa miguu yangu mpaka zizini, niangalie kwa macho yangu, kisha nijaze fomu. Maji yapo au hayapo. Kivuli. Aliyeteleza. Aliyelala chini asiyeamka. Mkaguzi akija, hiyo ndiyo anayoisoma.

Sasa mume wangu anatoka saa tisa na nusu, ananisubiri getini kwenye jua kama mwanafunzi aliyefukuzwa darasani. Na saa sita ana nusu saa ya kula. Kwa hiyo leo nimejaza mistari yote mitatu saa mbili asubuhi. Maji yapo, maji yapo, maji yapo. Yalikuwepo kweli, nimeyaona kwa dirisha.

Mzee Taratibu alikuja dirishani kuuliza mbona leo sijafika zizini. Huyu ndiye mtunza zizi. Jina lake hilo amelipata kwa sababu ndilo neno pekee analowaambia ng'ombe. Fimbo hana, ana kipande cha gunia tu kwenye kijiti, anatembea usawa wa bega la mnyama, na mnyama anakwenda. Hajui kusoma. Kila ng'ombe anayeingia anamchorea kistari cha mkaa kwenye nguzo ya zizi, na tangu nianze kazi hesabu yake na yangu zikitofautiana, niliyekosea ni mimi.

Nikamwambia, "Mzee, maji ya jana na ya leo yana tofauti gani?"

Akasema, "Ya jana yameshanyweka, bibi harusi."

Akaenda zake akicheka. Nampenda mzee huyu. Ndiye aliyeniletea salamu za mume wangu siku zile mwenyewe alipokuwa anaona aibu hata kupita mbele ya dirisha langu. Alikuja na salamu hizo mara sita. Mara ya saba nikamwambia amlete mwenyewe.


Jumanne, 27 Januari

Joto limezidi. Leo ng'ombe waligoma kwenye kichochoro kinachoelekea kwenye boksi. Wa mbele alisimama, wa nyuma wakarundikana, wapasuaji nyama wakaanza kupiga kelele. Mzee Taratibu akawanyamazisha kwa mkono, akachuchumaa mpaka macho yake yakawa sawa na macho ya ng'ombe, akatazama mbele. Kisha akanyanyuka akaenda kutoa mtandio wangu wa njano, ambao niliutundika kwenye reli asubuhi nikausahau. Ulikuwa unapepea. Kumbe ndio waliouogopa. Akaniletea dirishani umekunjwa vizuri. Niliona haya mpaka masikioni.

Mume wangu alisema nyumbani kwamba kila anachojua kuhusu kazi yake alifundishwa na mzee huyo. Ng'ombe akifika kwenye boksi ametulia, bastola inakaa yenyewe. Akifika amechanganyikiwa, hata mkono wa malaika utakosea. Nikambusu huo mkono.


Jumapili, 1 Februari

Kapika yeye. Wali uliungua, nikaula wote.


Ijumaa, 6 Februari

Picha za harusi ziko tayari. Mpiga picha alituambia tuzifuate leo kabla hajafunga saa kumi, na tangu asubuhi nilikuwa kama nimekalia siafu. Nilijaza fomu yote nikiwa bado nimevaa viatu vya njiani.

Saa sita kasorobo Mzee Taratibu alikuja dirishani, jasho linamtoka, akasema bomba la zizi la mwisho linatoa hewa tu, na ndani kuna ng'ombe kumi na mmoja walioshuka leo, wa kuchinjwa Jumatatu. Nikamwambia nimeshaandika, mzee, fundi atakuja. Akasema basi vizuri, akaondoka. Ukweli sikuwa nimeandika. Fomu ilikuwa imeshajaa, ningelazimika kuchukua nyingine na kuanza upya, tena fundi bomba huwa hapokei simu mchana. Jumatatu nitampigia kabla ya yote.

Picha. Ee Mungu, picha. Kuna moja mume wangu ananitazama mimi badala ya kamera. Kuna nyingine tumesimama na Mzee Taratibu katikati, amevaa koti la kuazima linalomfika magotini, amekunja uso kwa jua, ameshika mwavuli wangu kama anashika mtoto mchanga. Tumecheka barabarani mpaka watu wakageuka.


Jumamosi, 7 Februari

Joto la kuyeyusha mshumaa. Tumelala mchana kutwa, madirisha wazi.


Jumatatu, 9 Februari

Sijui nianzie wapi.

Nilichelewa. Nilipofika, gari la mkaguzi lilikuwa limeshaegeshwa ndani. Ni daktari wa mifugo, mwanamke wa makamo, anakuja bila taarifa, na mara hii alikuja saa moja kamili. Alikuwa amesimama zizi la mwisho. Hori la maji lilikuwa kavu, hata tope la chini limepasuka. Ng'ombe kumi walikuwa wamesimama wakilamba bomba. Wa kumi na moja alikuwa chini, shingo imenyooka, ulimi nje una vumbi. Macho yake yalikuwa wazi yakinifuata nilipopita. Nilijua kabla sijafika. Miguu ndiyo ilijua kwanza.

Mkaguzi aliamuru yule wa chini azimishwe palepale alipolala, asiburutwe. Mume wangu alikuja na bastola, akapiga magoti, akafanya mara moja, vizuri. Wengine walipelekewa maji kwa mpira kutoka chumba cha kuoshea. Walisukumana, wakakanyagana, mmoja akavunjika pembe. Mwingine, jike lenye doa jeupe, alivunja komeo akakimbilia kichochoroni mwenyewe, akaingia boksi anatikisa kichwa, povu linamtoka. Mguu wa mbele ulikuwa umevunjika, hakuna namna ya kumrudisha. Mume wangu akapiga. Akakosea. Akapiga tena. Mara ya tatu ndipo akaanguka. Sauti ya katikati, kati ya mara ya kwanza na ya tatu, sitaiandika.

Mume wangu alitoka akakaa kwenye ngazi, akavua kofia akaiweka chini kwa uangalifu, kama kitu kinachoweza kuvunjika.

Kisha tukaitwa ofisini kwa meneja. Mkaguzi alikuwa na fomu mkononi. Ijumaa saa sita, maji yapo. Ijumaa saa kumi, maji yapo, na sahihi yangu yenye mkia ambayo niliifanyia mazoezi baada ya kuolewa. Jumamosi na Jumapili, ambapo mlinzi wa geti ndiye mwenye zamu ya zizi, alinakili ya Ijumaa, hakukanyaga zizini. Meneja akasema basi jambo liko wazi, Ijumaa maji yalikuwepo, yalikatika jioni, na mtunza zizi alikwenda nyumbani bila kutoa taarifa. Akamgeukia Mzee Taratibu amuulize alimwambia nani.

Mzee akasema, "Nilimwambia karani. Kabla ya saa sita."

Wote wakanitazama. Mkaguzi, meneja, mlinzi, na mume wangu aliyesimama mlangoni na damu kwenye buti. Nilimwona yeye tu. Niliona jinsi alivyonitazama kwenye ile picha.

Nikasema, "Sikumbuki kuambiwa."

Nzi alikuwa anatembea juu ya fomu. Mzee Taratibu alinitazama kwa muda, si kwa hasira, kama anavyomtazama ng'ombe aliyegoma, akitafuta ni kitu gani mbele kimemtisha. Kisha akasema taratibu kabisa:

"Kama bibi harusi hakumbuki, basi huenda nilisahau. Umri huu."

Meneja akamwambia akabidhi funguo. Alizitoa mfukoni pamoja na kipande cha mkaa. Mkaa akaurudisha.


Jumanne, 10 Februari

Joto.


Jumatano, 11 Februari

Joto. Sikula.


Ijumaa, 13 Februari

Mume wangu anamchukia. Hilo sikulitegemea. Nilidhani atahuzunika tu. Leo tukiwa tunakula, alisema mtu aliyemfundisha kuheshimu mnyama ndiye aliyewaacha siku mbili bila maji, na kwamba akimwona njiani hatamwamkia. Alisema hivyo huku akinimegea kipande kikubwa. Nilikila chote.

Amekuwa mpole kwangu kuliko mwanzo. Anadhani nimeugua kwa huruma ya yule ng'ombe. Jirani wa mlango wa pili ameleta uji, akasema huenda ni habari njema. Nimecheka kwa adabu. Natamani ingekuwa hiyo.


Jumatatu, 16 Februari

Sasa nakwenda zizini mara tatu, kila siku, kwa miguu yangu. Mtunza zizi mpya tumemwita Filimbi, kwa sababu anapiga mluzi muda wote. Ana fimbo. Leo wameteleza wanne, nimeandika wanne. Meneja ameniuliza mbona namba zimepanda tangu mzee aondoke. Nikasema ndizo nilizoziona. Ajabu, ni sentensi rahisi kusema.


Alhamisi, 19 Februari

Leo nimeiona nguzo.

Nilikuwa nimesimama zizi la mwisho, nikisubiri jua lipungue, nikaegemea. Juu kuna vistari vya ng'ombe, vikubwa, vimefungwa kumi kumi kama kawaida yake. Chini, karibu na goti, kuna vingine vidogo, vimechorwa kwa haraka, baadhi vimefifia kwa maji. Mwanzoni sikuelewa. Kisha nikaona alama ya ndoo kwenye tope lililokauka, duara juu ya duara, kutoka zizini mpaka chumba cha kuoshea, na nikaelewa.

Nimevihesabu mara mbili. Arobaini na tatu. Baada ya kuondoka dirishani kwangu Ijumaa ile, alibeba maji kwa ndoo mpaka hori likajaa. Ni hatua themanini kwenda na themanini kurudi, nimezipima. Mzee wa miaka sitini na kitu, jua la Februari. Alijaza maji ya kuwafikisha Jumamosi, kwa kuwa nilimwambia fundi atakuja.

Na mimi wakati huo nilikuwa napaka poda.


Jumamosi, 21 Februari

Mawingu, lakini hakuna kitu.


Jumapili, 22 Februari

Nimemwambia mume wangu.

Alikuwa anapigilia msumari ukutani atundike picha. Aliniuliza nachagua ipi, nami nikaonyesha ile ya sisi watatu. Akasema hiyo hapana, huyo hatamweka kwenye ukuta wake. Akachukua mkasi, kwa utani nusu na kwa kweli nusu, akasema labda tukate pale mwavuli unapoanzia.

Nikamwambia aweke mkasi chini. Nikamwambia yote. Dirisha, bomba la hewa, nimeshaandika mzee. Nikamwambia fomu si ya siku hiyo tu, tangu tarehe kumi na tisa Januari karibu zote nilizijaza bila kuona. Nikamwambia habari za nguzo. Nilisema nikitazama msumari, kisha nikakumbuka kamba ya nguo, nikamtazama yeye.

Hakupiga kelele. Alikwenda kwenye beseni akanawa mikono, na mikono haikuwa michafu. Alinawa muda mrefu sana. Kisha akasema, akiwa amenipa mgongo:

"Yule jike wa doa jeupe alinitazama mara zote tatu."

Nikasema najua.

"Hujui," akasema. "Na mimi nilikuwa naona unatoka kabla ya saa kumi. Nilikuwa getini. Sikukuuliza hata siku moja, kwa kuwa nilifurahi."

Tulikaa sakafuni. Hakunishika. Baadaye kidogo alisukuma mguu wake ukagusa wangu, akauacha hapo. Shangazi, sijui kama hii ni siku njema. Naiandika.


Jumatano, 25 Februari

Mkaguzi amerudi kwa ukaguzi wa marudio. Nilimsubiri mlangoni kabla hajashuka garini, fomu zote nimezibeba kifuani. Mume wangu alisimama pembeni yangu na kofia mkononi, ingawa sikumwomba.

Nilimwambia mbele ya meneja. Nilikuwa nimepitia mstari kwa mstari, nikaweka alama nyekundu kwenye kila niliojaza bila kwenda. Nikampeleka kwenye nguzo. Alichuchumaa akahesabu kwa kidole, midomo inacheza. Alipomaliza aliniuliza jambo moja tu, kama ninajua fomu ile ni ya nani. Nikasema ni ya kwake. Akatikisa kichwa.

"Mimi nakuja mara nne kwa mwaka," akasema. "Siku nyingine zote, macho ya ng'ombe hawa ni wewe."

Nilitamani anitukane. Aliandika ripoti akiwa amesimama. Kwamba fomu ziondolewe mikononi mwangu, kwamba mlinzi na mimi tupewe barua za onyo, kwamba kila zizi liwe na hori la akiba, kwamba mtunza zizi asafishwe jina na arudishwe kazini. Meneja alikuwa anafuta miwani isiyo na uchafu. Ameniondoa dirishani. Alinipa kuchagua kati ya kuondoka na kuosha hori na mabanda chini ya Filimbi. Nimechagua hori.


Jumatatu, 2 Machi

Mvua. Imenyesha saa nane mchana kwa kishindo, ng'ombe wakainua pua wote kwa pamoja. Nilikuwa nimeinama ndani ya hori na brashi, nikaacha inilowe. Wanawake wa chumba cha baridi wameacha kunitania. Natamani watanie.

Jirani wa mlango wa pili aliniona natoka na buti. Nikamwambia mume wangu ni mzimishaji na mimi naosha hori za ng'ombe. Akasema alijua siku nyingi, harufu haifichiki, na je, uji ulikuwa na chumvi ya kutosha.


Ijumaa, 6 Machi

Mwezi mmoja leo tangu Ijumaa ile. Nimebeba ndoo arobaini na tatu kutoka chumba cha kuoshea, ingawa bomba linafanya kazi. Filimbi aliniuliza kama nina wazimu. Nilipofika ya ishirini na sita mikono ilikataa, nikapumzika, nikaendelea. Nilidhani nitajisikia nimelipa. Niliumwa mgongo tu.


Jumatatu, 9 Machi

Dereva wa lori la ng'ombe, ambaye anatoka upande wa kwao Mzee Taratibu, alipewa ujumbe na barua ya meneja ampelekee, kwamba jina lake limesafishwa na kazi yake ipo. Leo ameleta jibu. Mzee anashukuru, amesikia, ila hatarudi. Ameshapanda shamba lake, na miguu yake imezoea kukaa.

Mume wangu akamuuliza dereva anaendeleaje. Dereva akasita, kisha akasema kweli yote. Kule wanamwita Kiu. Watoto wanamwita hivyo akipita kisimani. Habari ilifika kabla yake, kwamba amefukuzwa kwa kuua ng'ombe kwa kiu, na yeye hajawahi kumkanusha mtu. Barua ya meneja ya kumsafisha ameikunja akaiweka chini ya godoro, kwa kuwa hawezi kuisoma, na hataki kumwomba mtu amsomee jambo ambalo litamwaibisha bibi harusi.

Nimekaa kwenye ukingo wa hori nikalia mbele ya watu, kwa sauti.


Alhamisi, 12 Machi

Mvua ya manyunyu. Picha ya watu watatu iko ukutani, nzima, pamoja na mwavuli. Mume wangu aliitundika alfajiri kabla sijaamka, imeinama kidogo upande wa kushoto. Sitainyoosha. Jana jioni alinishika mkono kwa mara ya kwanza tangu siku ile, akaugeuza, akatazama malengelenge, akasema mikono yetu sasa inafanana.

Nilianza kuandika barua. Ilikuwa nzuri, yenye maneno makubwa. Nimeichana. Barua yangu ingekwenda chini ya godoro kukaa juu ya ile nyingine. Nimeshaandika vya kutosha ambavyo mzee yule hawezi kusoma.

Kwa hiyo leo dereva alipokuwa anawasha lori, nilipanda kwenye ngazi ya mlango wake nikampa salamu ampelekee mzee, kwamba nakuja. Akauliza aseme nakuja kufanya nini. Nikamwambia amwambie mzee kwamba nakuja na mume wangu, tutafika mchana, saa ambayo watu wako kisimani, na nitasema mbele yao yote niliyoyasema kwa mkaguzi, kwa sauti ile ile. Akauliza lini, maana mzee ataandaa.

Asiandae kitu, nikasema. Lakini atuangalie njiani. Kabla mwezi haujaisha tutakuja.